Sura ya Nne: Katuni Inayomwachia Mtoto Neno

Igogo ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, iliyobanwa kati ya mawe na maji. Juu, nyumba zimepandiana kwenye majabali mpaka mgeni anajiuliza matofali yalifikaje huko. Chini kuna viwanda, barabara kuu iendayo Shinyanga, na ziwa. Jioni ukipita kwenye vichochoro vya mlimani utaisikia televisheni ya watu kabla hujaiona nyumba yao, na kama si mpira au taarifa ya habari, basi ni katuni.

Katuni zinatufikia kwa njia za kila namna. Wapo wenye king'amuzi, na kifurushi kikiisha katikati ya mwezi watoto wao wanahamia kwa jirani. Wapo wanaopeleka flashi kwenye kibanda cha muvi wakajaziwa za kutosha likizo nzima, na hakuna anayeuliza mwenye filamu amepata nini. Wapo watoto wanaotazama kwenye simu ya mzazi mpaka bando likate. Mabanda ya video nayo bado yapo, ingawa huko anayechagua ni mkubwa, na mkubwa akichagua mtoto anaambulia ngumi na risasi.

Mimi ni mtazamaji tu. Sijasomea filamu wala situmwi na kampuni yoyote. Ninaishi na watoto wa dada yangu: wa kwanza yuko kidato cha pili, wa mwisho hajaanza darasa la kwanza, na Jumamosi wanaongezeka wa majirani. Sebule ni moja, televisheni ni moja, kwa hiyo tunachotazama ni lazima kitufae wote, au angalau kisitukimbize. Miaka hii michache nimezitazama nao katuni nyingi, zile kubwa za dunia na hizi za Afrika Mashariki, na katika sura hii natoa hukumu yangu.

Kipimo changu hakihitaji utaalamu. Nasikiliza chumba. Filamu inapoendelea, watoto wanasema? Wanabishania kitakachofuata, wanamtetea aliyeonewa, wanamweleza mdogo wao kilichotokea? Kama ndiyo, filamu hiyo imewaachia nafasi. Wakikaa saa moja na nusu midomo wazi, na ikiisha wakawa hawana la kusema zaidi ya kuomba nyingine, basi filamu imejisemea yenyewe kila kitu. Bibi zetu walilijua hili. Msimulizi akisema “Paukwa” hunyamaza akisubiri, na asipojibiwa “Pakawa” hadithi haiendi popote.

Kipimo hiki kinatufaa kwa sababu nyingine pia. Filamu nyingi kubwa zinakuja kwa Kiingereza, na mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili. Akienda kwa bibi yake anasikia Kisukuma, Kijita au Kikerewe. Filamu inayotegemea mdomo peke yake inamwacha nje ya mlango, lakini ile inayosimulia kwa picha inamkaribisha hata kama haijui lugha yake.

Paka na mafuriko

Iliyofaulu kuliko zote sebuleni kwetu ilitoka nchi ambayo watoto hawakuwahi kuisikia. Flow ni kazi ya Gints Zilbalodis wa Latvia. Ilitoka mwaka 2024, na tangu mwanzo hadi mwisho haina neno hata moja. Machi 2025 ilichukua Oscar ya filamu ndefu bora ya katuni, ikiziacha nyuma Inside Out 2 ya Pixar na The Wild Robot ya DreamWorks, nayo ikawa Oscar ya kwanza kwa nchi hiyo. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ya kompyuta inayopakuliwa bure na mtu yeyote, hata kijana wa kata jirani ya Mkuyuni.

Kisa chake ni chepesi. Paka wa kijivu iliyokolea anaishi peke yake msituni, kwenye nyumba iliyoachwa. Maji yanakuja, yanapanda, yanafunika kila kitu. Paka anarukia chombo cha tanga kinachoelea ovyo, na humo anamkuta kapibara, mnyama mnene mpole wa Amerika Kusini. Baadaye wanaongezeka lemuri wa Madagaska, mbwa, na karani tamba, yule ndege wa miguu mirefu ambaye ukienda Serengeti unaweza kumkuta akitembea nyikani kutafuta nyoka. Binadamu hayupo. Zimebaki nyumba zake, sanamu zake na chombo chake.

Watoto wa kando ya ziwa hawana haja ya kuelezwa maji yanayopanda. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa hadi kuvuka rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likaivuka hata hiyo ya 2020. Waliokuwa wakiishi karibu na maji walihama na vitu vyao. Kwa hiyo filamu ilipofika mahali lemuri anakusanya kikapuni kioo na vikorokoro vingine vinavyong'aa, huku dunia inazama, sebule iligawanyika.

“Mchoyo huyo,” alisema mtoto wa dada yangu wa darasa la tatu.

“Sio mchoyo, anahamisha vyombo,” alijibu mtoto wa jirani. “Hata sisi tulihamisha vyombo kwanza.”

“Vyombo gani? Kioo ni chombo?”

“Kwa mama kioo kilibebwa.”

Ubishi ule ulichukua muda, na hakuna aliyepitwa na kitu kwa sababu hakuna mhusika aliyekuwa akiongea. Wakati huohuo yule mdogo kabisa, ambaye katika filamu nyingine huwa anauliza “amesemaje?” kila baada ya dakika, alikuwa akimsimulia mwenzake: huyu ndege amepigwa na wenzake kwa sababu alimtetea paka. Na kweli ndivyo ilivyo. Karani tamba anasimama kumkinga paka, anashambuliwa na kundi lake, anaumizwa bawa, anabaki chomboni. Mtoto wa miaka mitano alilipata jambo zito la haki na gharama yake bila kutafsiriwa na mtu.

Kuna tukio jingine lililonifanya niithamini zaidi kazi hii. Mwanzoni paka anaogopa maji. Kidogo kidogo anajifunza kuzama, anawaona samaki chini, anaanza kuwakamata, kisha anawamwaga sitahani wenzake wale. Filamu haisemi popote kwamba amebadilika, wala haipigi wimbo wa kuwaambia watoto kwamba kushirikiana ni kuzuri. Wanaona samaki wamelala pale juu ya mbao na wengine wanakula. Kwa watoto ambao baba zao wanarudi na dagaa alfajiri, hilo linatosha.

Sauti zote ni za wanyama wa kweli, ingawa kapibara ameazimwa sauti ya mtoto wa ngamia, kwa kuwa yake haikufaa. Kasoro zipo pia. Manyoya ya wanyama yanaonekana kama hayajamaliziwa, hasa ukiitazama kwenye kioo kikubwa, na katikati kuna vipande ambavyo chombo kinaelea tu na mtoto wa kidato cha pili alichukua simu yake. Tena haisemi wazi karani tamba alipatwa na nini anapopaa juu ya mnara wa mawe. Watoto waliniuliza kama amekufa. Nikawarudishia swali, na majibu yao yalikuwa matatu tofauti. Hicho sikihesabu kuwa kasoro.

Wala ufundi huu si mpya. Tom and Jerry ilianza mwaka 1940 mikononi mwa William Hanna na Joseph Barbera, na mpaka leo mtoto wa Igogo akiiwasha hahitaji mkalimani, kwa sababu paka akikanyaga reki kila mtu anajua kitakachofuata. Shaun the Sheep ya Uingereza, ya kondoo wasiosema, inapendwa kwa sababu hiyohiyo. Tofauti ni kwamba Flow imeutumia ukimya huo kwa huzuni na hofu, mambo ambayo watengenezaji wengi wanadhani hayawezi kumfikia mtoto bila maelezo.

Roboti aliyelea kifaranga

The Wild Robot ilitoka Septemba 2024, ikiongozwa na Chris Sanders kutokana na kitabu cha Peter Brown cha mwaka 2016. Sauti ya roboti Roz ni ya Lupita Nyong'o, binti wa Mkenya Peter Anyang' Nyong'o, gavana wa Kisumu tangu 2017. Niliwaambia watoto kwamba huyo anayeongea kwao ni ng'ambo ya ziwa hilihili. Walifurahi kwa dakika moja, kisha wakasahau. Kwao Roz alikuwa Roz, na nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote kwa mwigizaji wa sauti.

Roz anatupwa na dhoruba kwenye kisiwa kisicho na watu. Katika hekaheka za kujiokoa anaangukia kiota cha bata bukini na kuua familia nzima, likabaki yai moja. Kifaranga kinapototoka kinamwona yeye kwanza, kwa hiyo yeye ndiye mama. Tangu hapo ana kazi tatu: kukilisha, kukifundisha kuogelea, na kukifundisha kuruka kabla baridi haijafika na bata wengine hawajahama.

Hapa Kiingereza kipo, tena kingi, lakini picha zinabeba mzigo mkubwa kiasi kwamba mtoto anafuata. Jambo lililowasemesha watoto wetu lilikuwa hili: je, aliyeua wazazi anaweza kuwa mzazi? Mmoja alisema hapana, lazima aadhibiwe. Mwingine akasema adhabu yake ndiyo kulea. Wala hapakuwa na aliyeshangaa kwamba anayelea si aliyezaa. Katika mtaa wetu mtoto analelewa na bibi, na shangazi, na mama mdogo kama mimi, na hiyo ni habari ya kawaida. Filamu za Marekani kwa muda mrefu zilimfanya mlezi asiye mzazi kuwa mtu mwovu, mama wa kambo mwenye roho mbaya. Hii inamwonyesha mlezi asiyejua kazi, anayejifunza akiwa kazini, na ambaye mtoto anafika siku ya kumkasirikia kwa haki kabisa.

Naipenda pia kwa jinsi inavyotaja kifo. Yupo mama oposumu, mnyama wa Marekani, ambaye watoto wake wanafanya mchezo wa kujifanya wamekufa, na anazungumzia hatari za porini bila kuficha, watoto wakicheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Watoto wetu wamezoea misiba, kwa hiyo katuni inayojifanya kwamba kifo hakipo wanaiona ya uongo.

Sehemu ya mwisho imenichosha. Zinaingia roboti nyingine, milipuko, moto msituni, na somo la kwamba unaweza kuwa zaidi ya ulivyotengenezwa linarudiwa mpaka linapoteza ladha. Ingeisha mapema zaidi, pale bata wanapoondoka na Roz anabaki chini akitazama, ningeipa alama zote.

Zinazosema mno

Mwaka huohuo wa 2024 Inside Out 2 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Inatupeleka kichwani mwa Riley, msichana wa miaka 13, ambako hisia zake ni watu wenye rangi na majina: Furaha, Huzuni, Hasira, na sasa Wasiwasi anayekuja kuteka usukani. Binti wa kidato cha pili aliitazama mara ya pili peke yake. Baada ya hapo akaniambia, “Mama mdogo, mimi kabla ya mtihani ninakuwaga hivyohivyo.” Sentensi hiyo pekee inatosha kuitetea filamu. Shule zetu zinampima mtoto kwa alama na kumpanga kwa nafasi, lakini ni nadra mtu kumuuliza kinachoendelea kifuani mwake usiku wa kuamkia mtihani.

Lakini wadogo walitoka nje wakaenda kucheza. Maneno ni mengi, utani uko kwenye maneno, na hata mchezo anaoucheza Riley ni mpira wa magongo wa kwenye barafu. Hukumu yangu: filamu nzuri ya kijana na mzazi wake, isiyo ya sebule nzima.

Moana 2, ya Novemba 2024, ilianza kama mfululizo wa televisheni kabla ya Disney kuamua kuigeuza filamu ya sinema, na mshono unaonekana. Wahusika wanaingia chomboni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kichekesho chake, na wengi hawana kazi ya kufanya. Ile ya kwanza ya mwaka 2016 ilikuwa na binti mmoja, mtumbwi mmoja na bahari, na watoto wa pwani yetu ya ziwa waliielewa mara moja. Hii ya pili waliitazama kama mafundi. Walilalamika kwamba mawimbi yanaingia mtumbwini na hakuna anayechota maji kuyamwaga. Walikuwa na haki: mtumbwi usiochotwa maji unazama.

Mufasa: The Lion King ya Barry Jenkins, ya Desemba 2024, ilitakiwa iwe yetu. Nyika zake zinafanana na Serengeti, ambayo lango lake la Ndabaka liko kando ya barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma. Lakini simba wake wametengenezwa wafanane na simba wa kweli, na simba wa kweli uso wake haulii wala haucheki kama wa mtu. Katika ile ya mwaka 1994, iliyochorwa, mtoto aliiona aibu kwenye macho ya Simba hata kama sauti imezimwa. Katika hii, swali lililotawala sebule lilikuwa “huyo ni nani?” Watoto walishindwa kumtofautisha Mufasa na ndugu yake mpaka manyoya yalipoelezwa. Mtoto anayeuliza nani badala ya kuuliza kwa nini ameshapotea njia, na lawama ni ya filamu.

Za kwetu

Tukigeuka kwetu, heshima ya kwanza ni ya Ubongo Kids. Kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam ilianza kuirusha TBC1 Januari 2014. Wahusika ni watoto kama Kibena, Koba, Baraka na Kiduchu wanaotatua matatizo kwa hesabu na sayansi, kwa nyimbo, kwa Kiswahili chetu. Tangu mwanzo waliweka jambo ambalo studio kubwa hazikuwa nalo: mtoto aliweza kujibu maswali ya kipindi kwa ujumbe wa simu na kupata jibu kutoka kwa mhusika. Aliyelifikiria hilo alijua kwamba simu ya tochi ipo hata nyumba isiyo na intaneti.

Mdogo wake, kipindi cha Akili and Me, kinamhusu Akili wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye akilala anaingia Lala Land kwa rafiki zake wanyama. Akili anauliza, kisha ananyamaza kidogo na kumtazama mtoto. Mtu mzima anayepita sebuleni anaona kama kipindi kimekwama. Kumbe hapo ndipo mtoto anapiga kelele ya jibu. Kimetafsiriwa kwa lugha nyingine za Afrika, na mimi sishangai.

Lawama yangu kwa Ubongo Kids ni kwamba wahusika wake ni wema kupita kiasi. Wanajua kwamba wamekuja kufundisha. Ni mara chache mmoja wao anakuwa mwongo, mwoga au mwenye wivu kwa dakika zaidi ya mbili, na mtoto anahitaji kumwona wa kwao akikosea kweli ili apate la kumwambia. Mtoto wa darasa la tatu anaimba nyimbo zao zote, lakini ubishi kama ule wa lemuri sijausikia kwenye kipindi chao.

Super Sema ya Kenya, iliyoanza YouTube mwaka 2021 na ambayo Lupita Nyong'o ni mmoja wa wazalishaji wake wakuu, ina binti mgunduzi anayeikinga Dunia, kijiji chake, dhidi ya roboti Tobor. Rangi ni nzuri na nywele za binti ni nywele zetu, lakini mbio ni nyingi: tatizo linatatuliwa kabla mtoto hajalielewa. Tai Tanzania ya Dar es Salaam imekwenda njia nyingine na Harakati za Lucy, inayozungumza na wasichana kuhusu mwili na kukua, mambo ambayo wengi wetu tuliyapata kwa minong'ono. Hii naomba itazamwe na wavulana pia.

Mwaka 2023 Disney ilitoa Kizazi Moto, filamu fupi 10 za Waafrika. Humo wamo Raymond Malinga wa Uganda na Herderboy, na Ng'endo Mukii wa Kenya na Enkai. Jina la mkusanyiko ni la Kiswahili, lakini ulitolewa kwenye huduma ambayo wakati ule haikuwa imefunguliwa rasmi Tanzania, kwa hiyo ulitufikia kwa mlango wa nyuma, yaani kwa flashi. Nyingi si za watoto wadogo. Herderboy iliwashika kwa sababu ina ng'ombe, na Msukuma akiona ng'ombe yuko hatarini hatoki kwenye kiti.

Sauti ya mtafsiri

Huku kwetu huwezi kuzungumzia filamu ukamwacha mtafsiri. Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro kule Kenya na VJ Jingo kule Uganda walijenga majina kwa kusimulia filamu za watu juu ya sauti zake, wakiwapa wahusika majina mapya na kuwatania. Katika banda la video mtafsiri ni nusu ya starehe. Anaongea na watazamaji, nao wanamjibu.

Kwenye katuni za watoto, hata hivyo, anaharibu mara nyingi kuliko anavyojenga. Anaogopa ukimya. Pale ambapo mwenye filamu ameacha sekunde kumi za uso wa mhusika ili mtoto afikiri, mtafsiri anajaza matusi mepesi, salamu za washikaji na tangazo la duka. Kisha anamwambia mtoto kitakachotokea kabla hakijatokea.

Ufundi wa kufanya vizuri tunao. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, yote kwa sauti za Kiswahili, na watu wazima wakakimbilia nyumbani kuiwahi. Azam TV imewazungumzisha Waturuki Kiswahili kwa miaka. Kama mama mkwe wa Beijing aliweza kusema Kiswahili mwaka 2011, roboti na bata hawana sababu ya kukosa. Kinachokosekana ni mtu wa kuona kwamba watoto nao ni wateja.

Wapo wanaoamini dawa ni kufungia. Juni 2017 bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya ilipiga marufuku katuni sita, zikiwemo The Loud House na Adventure Time, kwa hoja ya maadili. Kila nchi ina haki ya kupanga yapi yanafaa kwa umri gani, na hata sisi tuna Bodi ya Filamu yetu. Ila marufuku inashika king'amuzi tu. Flashi na simu haviombi kibali, na mtoto aliyezoea kutazama peke yake hana wa kumuuliza anapokutana na kitu kisichomfaa. Aliyezoea kubishana sebuleni atakuja kuuliza.

Shing'weng'we

Ipo hadithi moja ya Kisukuma ambayo ningelipa nauli kwenda popote kuiona ikiwa katuni ndefu. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza watu wengine wako wapi, akaambiwa. Akatoka kumsaka Shing'weng'we, na kila alichoua, kuanzia vidudu vidogo hadi wanyama, alimletea mama yake na kumuuliza kama ndiye. Mama akajibu siye. Mwisho akalipata zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua, watu wakatoka.

Iangalie ilivyojengwa. Imejaa swali lilelile linalorudi, na kila linaporudi mtoto anayesikiliza anajibu kabla ya mama. Halafu iangalie inavyoishia. Katika masimulizi mengine Masala anapolipasua zimwi kisu kinamkata sikio bibi kizee aliyekuwa tumboni, na bibi huyo hatoi shukrani: anamkasirikia. Shujaa aliyeokoa watu wote bado anadaiwa sikio moja. Sijaona studio yoyote kubwa ikithubutu kumaliza filamu ya watoto kwa deni la namna hiyo, na ninajua kabisa sebule yetu ingegawanyika vipi.

Anayetaka kuikaribia zaidi jamii iliyoibuni hadithi hiyo aende Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, nje ya mji. Kijana mwenye Blender aende na daftari.

Kwa vituo vya televisheni ombi langu ni moja: lipeni waigizaji wazuri wa sauti, wekeni The Wild Robot na wenzake kwa Kiswahili halali, na muwarushie watoto saa ambazo wako nyumbani. Kwa watafsiri wa vibandani: mhusika akinyamaza, nanyi nyamazeni. Kwa mzazi, mlezi, bibi, mama mdogo: usimkabidhi mtoto simu ukaondoka. Kaa naye nusu saa ya kwanza, muulize swali moja, kisha usimjibie. Na kama nyumbani una televisheni moja na watoto wanne wanaogombea rimoti, usinunue ya pili. Wawashie Flow, uwaache wabishane.